Scrivener: kama unahangaika na urefu wa sura kwenye riwaya yako, hii programu mi nimeikubali

Wadau wa riwaya habari zenu. Kuna swali halikosekani popote waandishi wanapokutana, hasa wale wa mswada wa kwanza: hivi sura moja iwe na maneno mangapi? Na majibu yanayotolewa mara nyingi ni namba tu, huyu anasema 2,000, yule anasema 3,000, mwingine anakwambia usizidishe kurasa kumi, ukimuuliza kwa nini anasema ndo inavyokuwaga. Mi naandikia Scrivener muda sasa na review yangu naielekeza hapo hapo kwenye hilo swali, sitaelezea kila kitufe maana vitufe ni vingi mno, nataka niongelee inavyokusaidia kuamua sura ianzie wapi na ikome wapi, kwa sababu kwa hilo jambo sijaona programu nyingine inayoifikia.

Kwa wasioijua, Scrivener ni programu ya kuandikia kazi ndefu, inatengenezwa na kampuni ndogo ya Uingereza inaitwa Literature & Latte, wako huko Cornwall. Aliyeianzisha, Keith Blount, alikuwa anataka kuandika riwaya yake akakosa programu inayomkaa vizuri, akajifunza kuprogramu mwenyewe akaitengeneza. Ya Mac ilitoka 2007, ya Windows ikafuata 2011, na ya iPhone na iPad 2016. Nasema hivi ili ujue kwamba imetengenezwa na mtu ambaye shida yake ilikuwa hii hii ya kwetu, na inaonekana kabisa ukiitumia.

Sasa twende kwenye kiini. Ukiandika riwaya kwenye Word unakuwa na faili moja refu, kurasa mia na kitu zimefuatana, na sura ni kichwa cha habari tu umekiandika katikati kwa herufi nene. Kwenye Scrivener kila tukio ni kipande chake peke yake, na sura ni folda unayoweka hivyo vipande ndani. Upande wa kushoto unaona orodha nzima, folda na vilivyomo, unakamata kipande na mausi unakivuta kutoka sura ya 4 unakipeleka sura ya 7 na hakuna kukopi wala kupesti. Inaonekana kitu kidogo ila inabadilisha mpangilio mzima wa kazi, maana unaanza na matukio, unaandika kila tukio mpaka liishe lenyewe, na sura unakuja kuziamua baadaye ukiwa unaona kitabu kizima. Na mi naamini hivo ndo inavyotakiwa iwe. Ukijiwekea 3,000 kabla hujaandika, ukifika 2,200 na tukio limeisha utaanza kujaza, mara hali ya hewa, mara salamu ndefu, mara mhusika anatembea kutoka mlangoni mpaka getini anawaza maisha, na msomaji anaona kabisa hapa mwandishi anasukuma muda. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, ugomvi umepamba moto uko 2,950 basi unaukata haraka haraka ili usizidishe.

Niwape mfano wa karibu. Kwenye mswada ninaoumalizia kuna kikao cha ukoo kule Muheza, wanagombania shamba la michungwa la marehemu babu yao. Kuna safari ya Zainabu kutoka Tanga mjini, mapokezi, chakula, kikao chenyewe, na usiku wake, vyote vilitoka maneno 6,400. Kwa hesabu za namba hiyo ni sura mbili, kata katikati 3,200 kila upande maisha yaendelee. Lakini katikati yake ni pale watu wanakula wali na samaki, hakuna swali lolote linalosubiri jibu pale, msomaji akifunga kitabu hapo hana sababu ya kukifungua tena usiku huo. Nikaisoma yote taratibu nikaona mahali pa kukata ni ndani ya kikao, pale shangazi mtu anapouliza, "Hati anayo nani?" na ba mkubwa anaweka kikombe chini bila kujibu. Nikaweka kishale cha kuandikia mwisho wa mstari huo, nikabonyeza Control na K (hiyo ni ya Windows), kipande kikagawanyika viwili papo hapo, cha pili nikakihamishia folda mpya. Sura ya kwanza ikawa na maneno 3,900 na ya pili 2,500. Na ile ya pili haianzi na jibu, inaanza jikoni kwa mama yake Zainabu anayesikia tu kwamba sebuleni kumenyamaza ghafla. Hizo namba 3,900 na 2,500 hakuna mtu angenishauri, ila ndo za hiyo hadithi.

Na kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba ukibadili mawazo hakuna hasara. Unachagua vipande viwili unaviunganisha tena vinakuwa kimoja. Kabla ya kufanya fujo yoyote unapiga snapshoti ya kipande, yaani inahifadhi kilivyo saa hiyo, afu unakatakata unavyotaka, ukiona umeharibu unakirudisha kilivyokuwa. Mwandishi anayeogopa kuharibu huwa haguzi sura zake, anaziacha zilivyotoka mara ya kwanza, na riwaya nyingi zetu zinakwama hapo, sura zimekaa zilivyozaliwa hakuna aliyethubutu kuzipanga upya.

Halafu kuna lile jedwali la muhtasari. Unabofya unaona sura zako zote zimepangwa chini kwa chini, pembeni unaweka safu ya idadi ya maneno ya kila kipande na safu ya jumla ya folda nzima. Hili ndo limenifundisha kuliko mashauri yote ya namba. Kwa sababu ukiona sura moja moja huwezi kujua mwendo wa kitabu, ila ukiona 2,900, 3,000, 2,950, 3,050, 2,900 zimefuatana, shtuka. Sio kwamba kila moja ni mbaya, ila msomaji akishazoea kwamba kila sura ina urefu ule ule anaanza kuhisi mwisho kabla haujafika, kidole kinapima kurasa zilizobaki na mshtuko unakufa. Mi nikiona mfululizo kama huo narudi kuangalia ipi imejazwa na ipi imebanwa, na huwa ipo tu.

Kwenye huo mswada kuna sura ina maneno 380. Ni mama anahesabu pesa alizoficha chini ya godoro, anahesabu tena, hazitimii, anazirudisha na kutandika kitanda vizuri. Basi. Aliyenisomea mswada aliniambia niiunganishe na inayofuata maana ni fupi mno kuwa sura, nikakataa na bado nakataa, kwa sababu baada ya kitanda kutandikwa sentensi yoyote utakayoongeza itaanza kumweleza msomaji kitu ambacho ameshakielewa. Ila ya hivyo ni moja tu kitabu kizima, ukiweka tano hakuna hata moja itakayoumiza. Na jedwali linakuonyesha hilo pia, ukiona una sura nyingi za mia tatu mia nne jiulize kama kweli ni makusudi au ulichoka.

Kuna kipengele cha kuweka lengo la maneno kwa kila kipande, kinakupa kamstari kanabadilika rangi kutoka nyekundu kwenda kijani kadiri unavyokaribia. Hapa nitasema wazi: kwa sura usikitumie. Kitumie kwa lengo la siku au la mswada mzima, hapo kipo vizuri sana, unaingiza jumla ya maneno na tarehe ya mwisho, unachagua siku za wiki unazoandika, kinakupigia hesabu kila siku uandike mangapi. Kwa wanaokimbizana na mashindano, mfano Tuzo ya Nyerere ya uandishi, hiyo ni msaada mkubwa. Ila ukiweka lengo kwenye sura utajikuta unaandikia ile kijani.

Na hapa kwenye maneno kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Namba nyingi zinazozunguka mitandaoni, sijui sura iwe 2,500 mpaka 4,000, zimetoka kwa waandishi wa Kiingereza. Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na mtendewa ndani ya kitenzi kimoja, "hatukumkuta" programu inahesabu neno moja wakati Mwingereza hapo ameshatumia manne, "we didn't find him". Kwa hiyo sura yetu ya maneno 2,500 ina mambo mengi ndani yake kuliko ya kwao ya 2,500, na ukifuata namba yao utakuwa unaandika sura nzito kuliko walizokusudia. Scrivener inakuruhusu kuhesabu kwa herufi badala ya maneno, hata malengo unaweza kuyaweka kwa herufi, na kwenye takwimu unaona makadirio ya kurasa. Mi nimehamia kwenye kurasa kabisa. Kwa kitabu cha A5 chenye herufi za kawaida ukurasa wangu unazunguka maneno 250 hadi 300, hivyo sura ya kurasa nane mpaka kumi na tatu ndo inanitoka mara nyingi, na nikiwaza kurasa namuona msomaji ameshika kitabu, maneno hayanionyeshi hilo.

Tena tusidhani urefu wa sura ni sheria iliyoshuka kutoka mbinguni, siku zote umetokana na namna hadithi inavyomfikia msomaji. Charles Dickens riwaya zake nyingi zilitoka kwa vipande vya kila mwezi vya kurasa 32, sura zake alizipanga ziingie humo, na mwisho wa kila kipande lazima kuwe na kitu cha kumfanya mtu anunue cha mwezi ujao. Huku kwetu tumekulia hadithi za magazetini, safu ikiisha hadithi imeisha, "itaendelea wiki ijayo", na waandishi wale walijua kukata sehemu inayokunyima usingizi. Leo watu wanauza hadithi kwenye WhatsApp na Facebook, kipande kirefu kinakatwa na "soma zaidi", na msomaji anasoma yupo kwenye foleni au kwenye daladala amesimama. Huyo ukimpa kipande cha kurasa kumi na tano hamalizi. Kwa hiyo kabla hujauliza namba jiulize huyu wangu anasomea wapi. Mi nachofanya, mswada ukiwa kwenye Scrivener nina matukio, na matukio hayo hayo nayapanga kwa njia mbili: kwa wa kwenye simu natoa tukio moja moja, kwa kitabu cha kuchapwa nayaunganisha mawili matatu kuwa sura. Kazi ni ile ile sijaandika upya chochote.

Kingine ambacho hakisemwi ni gharama za uchapaji. Kama kila sura inaanza ukurasa mpya, basi mwisho wa kila sura unabaki na weupe, kwa wastani nusu ukurasa. Sura 60 fupi fupi ni kama kurasa 30 tupu unazolipia. Na vitabu vikichapwa ofseti, yaani kwa zile mashine kubwa za nakala nyingi, kurasa zinaenda kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo hapo umeongeza karibu mafungu mawili bila neno hata moja la ziada. Kwa mtu anayejichapishia kwa pesa yake hiyo sio ndogo. Kwenye Scrivener wakati wa kutoa mswada wa mwisho unachagua kama sura ianze ukurasa mpya au iendelee pale pale baada ya nafasi kidogo, unatoa matoleo yote mawili unalinganisha idadi ya kurasa, afu ndo unaenda kuongea na mchapaji ukiwa na hesabu zako mkononi.

Mabaya yake sasa. Hiyo hatua ya kutoa mswada, wenyewe wanaita kukompaili, ni ngumu. Ina madirisha ndani ya madirisha, na kila aina ya kipande inabidi uiambie itokee vipi, kichwa cha sura kikae wapi, mianya ikoje. Tenga muda kabisa wa kuijifunza na usiiache mpaka usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kama unataka mteremko toa faili la Word la kawaida tu, urembo umalizie huko. Na programu kwa ujumla ukiifungua mara ya kwanza inatisha, ila kuna somo la mazoezi linakuja nalo ndani, lipitie lote hata kama huna subira, maana vitu vya muhimu vimejificha.

La pili ni kubwa kwetu: haina toleo la Android. Ukiwa na iPhone ipo, unanunua peke yake, lakini wengi wetu simu zetu ni Android na kuna watu wanaandika riwaya nzima kwenye simu, kwao hii programu haina msaada wa moja kwa moja. Utaandika kwenye simu kwa apu nyingine ya maandishi ya kawaida afu utayaingiza ukifika kwenye laptopu.

La tatu, haina Kiswahili kwenye menyu zake, na ukiacha ukaguzi wa tahajia kwenye Kiingereza kila neno lako litapigwa mstari mwekundu, ukurasa mzima unakuwa kama umesahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Uzime siku ya kwanza, unazimika kirahisi.

Na kuhusu usalama wa kazi: mradi wa Scrivener kwa Windows ni folda lenye mafaili mengi madogo ndani, usiufungue kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja na usiingize mkono humo ndani kufuta futa vitu. Watengenezaji wenyewe wanashauri Dropbox kwa kusinki, yaani kuoanisha kazi kati ya mashine zako, na hawashauri Google Drive. Kila ukifunga inatengeneza bakapu yenyewe, kwa kawaida inatunza tano za mwisho, nakushauri uongeze idadi na uzielekeze sehemu tofauti na mradi wenyewe, maana laptopu ikiibiwa na bakapu zimo humo humo umepoteza vyote.

Bei. Ya kompyuta inazunguka dola 60, kwa pesa ya Tanzania ni kama laki na nusu, unalipa mara moja tu hakuna makato ya kila mwezi, na leseni moja mnaweza kuitumia kwenye kompyuta za nyumba moja. Ya Mac na ya Windows zinauzwa mbalimbali. Laki na nusu kwa mwandishi wa huku ni pesa, sitamwambia mtu ni rahisi. Ila kuna majaribio ya bure ya siku 30 yenye kila kitu ndani, na siku zinazohesabiwa ni zile ulizoifungua tu, ukiandika siku mbili kwa wiki itakuchukua wiki kumi na tano. Huo ni muda wa kutosha mtu kupanga mswada wake wote. Kwenye kulipa utahitaji kadi ya Visa au Mastercard, hizi kadi za mtandaoni unazotengeneza kwenye simu kupitia pesa za mtandao mara nyingi zinatosha, ukikwama hapo omba ndugu mwenye kadi ya benki. Nunua kwenye tovuti yao wenyewe, hizi za "nakuwekea kwa elfu kumi" achana nazo, kazi yako ya miaka hairuhusiwi kukaa kwenye programu ya wizi ambayo hujui imewekewa nini.

Kama bajeti haipo kabisa, kuna yWriter, ya bure kwa Windows, imetengenezwa na mwandishi wa riwaya wa Australia Simon Haynes, nayo inagawa kitabu kwa sura na matukio na inahesabu maneno ya kila tukio. Mwonekano wake sio wa kuvutia machoni ila wazo ni lile lile. Na hata Word uliyonayo, vichwa vya sura ukivipa mtindo wa kichwa badala ya kunenepesha tu herufi, ukafungua ile paneli ya pembeni ya kupitia vichwa, utaweza kuvuta sura nzima kuihamisha. Idadi ya maneno ya kila sura utahesabu mwenyewe kwa kuichagua, unaandika kwenye karatasi, unapata jedwali lako. Inachosha lakini inafanyika.

Kwa mi mwenyewe naipa nne kati ya tano, hiyo moja nimekata kwa ajili ya Android na kukompaili. Namshauri ainunue mtu ambaye ana mswada tayari wa kuanzia kama maneno 30,000 na anahisi sura zake hazijakaa sawa ila hajui wapi. Kama bado uko kwenye sura ya kwanza wala usikimbilie, andika kwanza, daftari linatosha.

Na ukiijaribu anza hivi: kwenye mswada wako wa Word weka alama ya # kila tukio linapoisha, afu tumia ile njia ya kuingiza faili na kuligawa, ukiiambia igawe kwa hiyo alama inakuletea matukio yote yameshatengana. Usitengeneze folda za sura bado. Fungua jedwali, soma namba kutoka juu mpaka chini, kisha kwa kila tukio soma mstari wake wa mwisho peke yake. Pale utakapotaka kujua kinachofuata weka alama, hapo sura inaweza kuishia. Mwenye swali la kuinstall au kukompaili aulize hapo chini, nitajibu.